Hapo Mama Hulia Kwanza

Jumamosi nilikwenda ukumbi mmoja hapa Morogoro kutazama vijana wakicheza ngoma ya kumtoa mwali. Wakiwa katikati, bibi mmoja wa Matombo aliyekaa mbele yangu akainua mkono.

“Wanangu, mnakimbia. Hapo tulikuwa tunamsubiri mama wa mwali alie kwanza.”

Ngoma ikanyamaza. Kiongozi wa kikundi akainama. “Shikamoo, bibi. Tuonyeshe.”

Bibi akavua kandambili, akapanda jukwaani, akacheza hatua tatu za polepole, akasimama. Tukangoja. Akajifuta macho kwa pindo la kanga.

“Mama yangu alilia sana siku yangu,” akasema.

Vijana wakaanza upya, taratibu. Onyesho likapitiliza muda, mgeni rasmi akakosa nafasi ya kuhutubia. Sikusikia aliyelalamika.