Picha Iliyopakwa kwa Mafuta ya Mikebuka

Nilirudi Kalemie kutoka Kinshasa na diploma ya uchoraji, na mjini kote hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sikuwa na mjomba kanali wala shemeji mkubwa wa chama. Nilisoma kwa jasho langu. Shule ikanipa saa mbili za kufundisha kwa juma, Jumamosi, na mara nyingi hata hizo zililiwa na salongo, kazi ya lazima ya umma, wanafunzi wakapelekwa kufyeka majani.

Mwalimu wa kemia aliniita Citoyen Rangi, yaani Mwananchi Rangi.

"Citoyen Rangi, leo umefundisha nyekundu, ao umefika mpaka kijani?"

Walimu wote walicheka. Mimi niliendelea kufundisha, kwa sababu nilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye mkono wa kweli, binti wa mama muuza samaki. Profesa wangu wa Kinshasa alikuwa tayari kumpokea, mradi amalize shule. Lakini hesabu na kemia zilikuwa zinamwangusha kila mwaka. Nikaamua kumfundisha uchoraji kupitia masomo hayohayo. Hakuna aliyenionyesha njia hiyo, niliitunga mwenyewe. Hesabu tuliifanya kwa kupima jinsi milima inavyopungua ukubwa kwa mbali. Hata jiografia tuliichota kwenye udongo mwekundu wa barabarani. Kemia tuliipata kwenye mafuta.

Mafuta ya wachoraji hayakupatikana Kalemie, kwa hiyo binti alisaga rangi kwa mawese.

"Mwalimu, picha haikauki. Inzi wamenasa ndani."

"Basi tafuta sababu."

Tukapaka vibao vitatu: cha mawese, cha mafuta ya karanga, na cha mafuta yaliyoelea kwenye sufuria ya mama yake alipochemsha mikebuka, samaki wanono wa ziwa letu. Cha mikebuka kikakauka, kikawa kigumu kama kucha. Kwa mafuta hayo akachora ziwa asubuhi, picha ambayo hata Kinshasa ingetundikwa. Ilinuka samaki, na paka wa kwao aliilamba pembeni.

"Papa Mwalimu," mama yake aliniuliza, "mutoto anachora, ao anapika?"

Nilimweleza binti kwamba mafuta mengine hushika hewa yakawa magumu.

"Kwa nini haya yanashika, yale yanakataa?"

Hapo elimu yangu ilikomea. Nikamtuma kwa mwalimu wa kemia, naye akamwazima kitabu. Tangu siku hiyo alikuja Jumamosi amechelewa, na brashi yake ilikuwa kavu.

Alama zake zikapanda. Inspekta alipokuja, prefe, mkuu wetu wa shule, alikuwa ameshaipanga picha na vibao vyangu katika darasa la kemia.

"Haya ni matunda ya kemia yetu," prefe akasema.

"Vibao hivyo ni kazi ya somo la uchoraji," nikasema mbele ya wote.

"Mafuta kukauka, njo inaitwa uchoraji?" mwalimu wa kemia akauliza. Hata inspekta alicheka. Kisha akamgeukia binti: angependa kusoma nini?

Picha yake ilikuwa mbele yake. Yeye alikuwa akitazama vibao.

"Kemia, Citoyen Inspekta."

Nilimfuata barazani. "Na Kinshasa?"

"Mwalimu, kuchora ninajua. Ile ya mafuta sijaijua bado."

Kuchora alikuwa hajajua. Alikuwa ameanza tu, na mimi peke yangu ndiye niliyeona angefika wapi.

Alipomaliza shule alikwenda chuo kikuu Lubumbashi kusoma kemia, na mwalimu wa kemia akapongezwa mbele ya wazazi. Mwaka uliofuata prefe alichukua saa zangu mbili akazipa kemia. Mimi nikaambiwa niandike majina ya madarasa kwenye milango. Niliyaandika, kwa herufi nzuri kuliko walivyostahili.

Likizo moja nilikutana na binti sokoni, amevaa vizuri, vidole vimebabuka kwa dawa za maabara. Alinisalimu kwa heshima zote.

"Bado unachora?"

"Sina wakati, Mwalimu. Lakini ninafundisha wenzangu habari ya mikebuka. Wanacheka sana."

Nami nilicheka naye, kisha nikapita upande wa pili, ili nisimpe nafasi ya kunishukuru.