Kitenge Chekundu na Upande wa Nyuma wa Barua

Kisa hiki nimekificha muda mrefu, lakini kwa kuwa video ipo, na kwa kuwa dada yangu wa Buffalo bado anawaonyesha wageni kabla hajawapa chai, ni afadhali nikieleze mwenyewe na kwa mpangilio, maana wenzangu wanakisimulia ovyo. Ndiyo, yule mwanamume mwenye shati la kitenge chekundu, anayewachezea kwa furaha watu ambao ameamka saa kumi alfajiri kwenda kuwapinga, ni mimi.

Nianze na Mwalimu Carol. Ndiye aliyetufundisha Kiingereza hapa Louisville, Marekani, kwenye chumba cha chini cha maktaba, mwaka wetu wa kwanza baada ya kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Shule sikuimaliza (nilicho nacho nimekiokota vitabuni, na kamusi nimeisoma kuanzia A hadi herufi ya mwisho, mara mbili), na Carol ni mtu wa kwanza aliyeniita msomi bila kucheka. Anaishi ng'ambo ya mto, jimbo la Indiana, na Ruth, mwenza wake wa miaka ishirini na saba. Mwanzoni mwa 2014 wabunge wa Indiana walikuwa wakijadili kuiandika marufuku ya ndoa za jinsia moja ndani ya katiba ya jimbo. Sheria ya kawaida ilikuwa inawakataza tayari, lakini sheria ya kawaida hufutika. Kuifuta katiba ni kazi nyingine kabisa. Ruth alikuwa mgonjwa wa moyo. Carol aliniambia, huku akifuta ubao, "Msomi, sisi hatuna miaka mingine ishirini na saba ya kusubiri." Kisha akaniomba jambo moja: siku ya mkutano wa kuipinga marufuku hiyo ndani ya jengo la bunge, kule Indianapolis, niwalete waimbaji wangu wa kwaya ya kanisa, maana kiongozi wao ni mimi. Alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kwamba kwaya yake inakuja.

Kanisani haikuwa rahisi. Wapo walionuna. Mchungaji akasema, "Baba Neema, sikutumi na sikuzuii. Mtu aliyekufundisha Kiingereza huwezi kumwacha asimame peke yake. Ila majoho ya kwaya yabaki kabatini, mtu asije akasema kanisa ndilo lililowatuma."

Majoho yetu ni ya bluu. Naomba ulikumbuke hilo.

Tulipatikana watu wanane. Nikaamua tuvae vile vitenge vyekundu tulivyoshona kwa harusi ya mdogo wake Papa Bisimwa, besi wetu, Mkongo wa milimani. "Hili ni jambo la ndoa," niliwaambia, "basi tuvae nguo za ndoa." Niliona nimetoa hoja nzito.

Sasa kosa lenyewe. Carol aliniandikia maelekezo kwa mkono, barua nzuri, Kiingereza chepesi. Na sisi tuliokulia kambini tunaijua karatasi: ikilowa, maisha yako yanasimama. Kwangu kila karatasi inayoingia mlangoni inaingia kwenye mfuko wa plastiki, na nyuma yake naweka kadibodi isije ikakunjika, halafu nafunga kwa utepe wa gundi (mke wangu anasema siku moja nitamfunga na yeye). Barua ya Carol niliisoma mara tatu: saa, mlango, mahali pa kuegesha gari. Mstari wa mwisho uliishia kwa nukta chini kabisa ya ukurasa. Nikaweka kadibodi, nikafunga. Kuigeuza sikuigeuza.

Siku ikafika, tukaendesha zaidi ya saa mbili kwenye barafu huku tukifanya mazoezi ndani ya gari, tukaingia kwenye ukumbi mkubwa wa marumaru uliojaa watu pande mbili, katikati polisi wamefunga kamba. Mzee mmoja mwenye tai nyekundu alituona mlangoni, uso wake ukang'aa. "Karibuni! Mmependeza kweli!" Akatupisha hadi mbele. Nikajiambia, hawa waandaaji wana adabu.

Hapa nieleze desturi yetu, la sivyo hutanihurumia. Kwaya yetu huingia kwa kucheza, mistari miwili, hatua mbili mbele na moja nyuma, na kiongozi anatembea kinyumenyume akiwatazama waimbaji wake. Kwa hiyo watu wale niliwapa mgongo tangu mwanzo, mabango yao sikuyaona hata moja. Na ipo kanuni niliyoitunga mwenyewe na kuibandika ukutani chumba cha mazoezi: macho kwa kiongozi, na hata paa likianguka hatukatishi wimbo.

Wimbo ulikuwa na beti saba.

Ubeti wa pili mke wangu alianza kutoa macho. Nikadhani amepoteza mdundo, nikamwonyesha kwa kidole. Ubeti wa tatu akayazungusha kuelekea nyuma yangu, nikamwashiria atabasamu. Akatabasamu, lakini tabasamu lile ninalijua, ni lile la siku nilipomwoshea mama yake kiatu kwa sabuni ya vyombo. Nyuma yangu watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele vya kwao, nami kadiri walivyoshangilia ndivyo nilivyozidi kuinama na kuruka, na ubeti wa sita nikaurudia mara mbili (sikuwa nimepanga).

Wimbo ulipoisha, bibi mmoja mwenye sweta jekundu alinijia na kopo la biskuti, macho yana machozi, akanibandika stika kifuani. Niliisoma ikiwa kichwa chini, herufi moja moja: ndoa ni mume mmoja na mke mmoja. Nikageuka. Nikasoma bango la kwanza. La pili. La tatu. Kisha nikatazama ng'ambo ya kamba, kwenye watu waliovaa bluu, na mbele yao kabisa alikuwa Carol, mkono mdomoni.

Sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama siku ile, na marumaru haipasuki.

"Kwa nini hamkuniambia?" niliwauliza waimbaji wangu.

"Nimekuambia kwa macho beti sita nzima!" alisema Mama Neema. "Ukanionyesha meno!"

"Donc, chef," Papa Bisimwa akasema kwa Kifaransa chake cha nusu nusu, anatafuna biskuti, "weye ulisema paa ikianguka tusikate. Bon, paa haikuanguka."

Nikaanza kupanga: tutoke mlango wa magharibi, tuzunguke jengo, tupange foleni ya ukaguzi, dakika ishirini na tano kama...

"Baba Neema, acha mahesabu," mke wangu akanikata. "Mwalimu anafikiri tumemtupa. Tulivyoingia ndivyo tunavyokwenda."

Akaanzisha wimbo mwenyewe. Mistari miwili, mbili mbele, moja nyuma, ukumbi mzima unatutazama. Polisi wa kwenye kamba alitutazama, akaitazama kamba, akainyanyua. Nilipita chini yake kinyumenyume, nimeinama, stika bado kifuani, hadi nikamgonga mtu kwa mgongo. Alikuwa Carol.

"Msomi," alisema, "nilidhani mmeniacha."

Nikatoa barua mfukoni, ushahidi wangu. Akaigeuza, akakuta kadibodi. Akachana utepe, akatoa kadibodi, akanisogezea karatasi. Upande wa nyuma uliandikwa: watu wetu watavaa bluu, kushoto kwa kamba, wanaotaka marufuku watavaa nyekundu, vaeni yale majoho yenu, yanawapendeza!

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Tukaimba beti zote saba upya, na yule bibi wa biskuti naye akapita chini ya kamba, akasema yeye msimamo wake habadilishi, ila amekuja kuumalizia wimbo. "Wangu pia sibadilishi," Carol akamjibu, "lakini biskuti nitachukua."

Bahati mbaya aliyepiga video alizima simu kabla hatujavuka. Kabla ya chakula cha jioni video ilikuwa imefika Columbus, jimbo la Ohio, na binamu yangu anayeishi Whitehall, pale pale Columbus, alipiga simu: "Kaka, umehamia upande ule lini? Hata kuaga?" Dada yangu wa Buffalo alicheka tu mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akacheka tena.

Mwaka ule wabunge hawakulipeleka jambo lile kwa wapiga kura, ambao bila wao katiba haibadiliki (si kwa sababu yetu, sijidanganyi), na majani yalipoanza kuanguka mahakama zilikuwa zimefungua njia ya ndoa hizo. Kadi ya harusi ya Carol na Ruth ilifika kwa posta. Nimeapa, na kiapo nimekibandika ukutani chini ya ile kanuni, kwamba sitafunga tena karatasi kabla sijaigeuza. Kwa hiyo nilianza na upande wa nyuma. Palikuwa na mstari mmoja, mwandiko wa Carol:

"Kwaya ivae nyekundu."

Nikaitia kwenye plastiki. Bila kadibodi.