Kopo Linalorudi Lamweka Fundi Koroboi Njia Panda

Saa moja asubuhi, umande haujakauka majanini, Rubeni Makuru amechuchumaa uani kwake. Analisukuma kopo la mafuta ya kupikia. Kopo linabingirika hadi karibu na mafiga, linapunguza mwendo, linasimama. Kisha, bila kuguswa na mtu, linarudi lenyewe mpaka miguuni pake.

"Limepona," anasema, lakini uso wake hauna furaha hata chembe. "Leo natakiwa kulipeleka kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Sasa sijui nilipeleke likiwa zima au nilivunje kwanza."

Rubeni, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi wa koroboi katika kijiji kipya cha ujamaa kandokando ya barabara ya Natta, wilayani Serengeti. Mwezi ukiwa mzuri hupata kama shilingi sitini, nazo hukatika kabla mwezi mwingine haujaandama. Ni mwaka wa pili sasa tangu yeye na jirani zake wahamishwe kutoka ng'ambo ya mto, walikoacha mahame na makaburi ya wazee wao.

Balaa la kopo lilianza kwa nia njema. Mwalimu Bernadetha, anayefundisha sayansi katika shule ya msingi isiyo na vifaa, alimchorea Rubeni mchoro mchangani. Toboa kopo chini na kwenye kifuniko. Pitisha ndani ukanda wa tyubu ya baiskeli, na katikati yake ning'iniza nati nzito. Kopo likibingirika, nati inabaki inaning'inia na mpira unajisokota. Kopo likisimama, mpira unajisokotoa na kulirudisha.

"Watoto walilishangilia mpaka uji ukapoa," anasema mwalimu.

Baada ya watoto wakaja wazee. Wa kwanza alikuwa Mzee Mniko, aliyeitikia shikamoo ya Rubeni kwa haraka na kuomba kopo lisukumwe. Likaenda, likarudi.

"Halikwenda kwa hiari yake," akasema hatimaye. "Limesukumwa. Kitu cha kusukumwa hurudi kilikotoka."

Neno hilo likazunguka kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Wengine wakasema kopo linawaita mahameni. Efrazia, mke wa Rubeni, yeye aliwacheka wote. "Kopo limetoka hapa uani na limerudi hapa uani," anasema. "Hiyo si kusema tukae? Au kwetu ni wapi siku hizi?" Rubeni anakiri kwamba swali hilo lilimchanganya kuliko maneno ya mzee.

Wiki iliyopita aliitwa kwenye kikao cha kijiji, darasani. Hapo ndipo ingeamuliwa kama kopo lipigwe marufuku, na kama aliyelitengeneza ni mpinzani wa maendeleo. Rubeni aliogopa. Jina kama hilo likikuganda, hata koroboi yako hainunuliwi.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," alianza Mwenyekiti, Simoni Kisyeri. "Kopo hili linafundisha watu kurudi walikotoka. Mwalimu, tueleze."

Bernadetha akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, hii ni sayansi tu. Ukilisukuma, nguvu yako haipotei. Inajisokota mle ndani, inatulia, inangoja. Likisimama tu, inalirudisha."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali, mstari mzima.

"Kweli kabisa," akasema Mzee Mniko kwa upole. "Hata sisi."

"Mwalimu, asante, keti," akasema Mwenyekiti haraka. Kisha akataka kujionea mwenyewe. Akainama, akalisukuma kopo kwa nguvu zake zote. Likavuka sakafu, likakaribia ukuta, na ndani yake kukasikika kitu kikikatika. Likasimama.

Watu wakangoja. Mwenyekiti naye akangoja, bado ameinama, kiganja kimefunguliwa mbele yake kulipokea. Kopo halikutikisika.

Kijijini kila mtu anajua kwamba Simoni Kisyeri alikuwa wa kwanza kubomoa nyumba yake, ili wengine wafuate. Kaburi la baba yake liko ng'ambo ya mto, kama makaburi ya wenzake wote.

"Mbona halirudi?" akauliza. Rubeni anasema haikuwa sauti ya kikao.

Mwenyekiti akajinyoosha, akapangusa mikono, akafunga kikao bila kuamua lolote. Mlangoni alimwambia Rubeni neno moja tu: "Litengeneze."

Tangu siku hiyo fundi huyu amepoteza usingizi. Alitengeneze lirudi, aonekane mkaidi? Au alitengeneze lisirudi, libaki kopo tupu kama makopo mengine? Mwalimu anamwambia arekebishe mpira tu, mengine si sayansi. Efrazia anamwambia aache ubishi, akauze koroboi.

Sasa Rubeni analifunga kopo kwenye kitambaa. Safari hii ameweka ukanda wa tyubu ya lori, ambao haukatiki kwa urahisi. Mwalimu akiruhusiwa, anataka kutengeneza jingine kwa kila darasa.

"Mwenyekiti akikasirika nitasema sikumwelewa, na kweli sikumwelewa," anasema Rubeni. "Lakini mkono wake niliuona. Nitampelekea linalorudi."