Leso Iliyotoka Ubavuni mwa Mashua

Waliosomea uchoraji hununua vitabu vya rangi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini leso zinazovaliwa katika arusi za Lamu siku hizi, nyingi zimepita mkononi mwangu. Ukibisha, simama gatini Mokowe utazame wanawake wanaoshuka boti wamejifunga nini.

Kabla ya leso nilikuwa mpaka rangi wa mashua, Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Hata leo nikikwama huvuka nikaketi na mafundi wa kule, maana macho yangu yalifunguka pale.

Mwaka jana nilikwama. Kulikuwa na arusi kubwa ya watu wa mjini, na shangazi wa biarusi, aliyesimamia sare ya wanawake, aliniambia nisimletee mchoro wa korosho wala wa maua. Alitaka leso ambayo haijaonekana. Duka moja la Mombasa lilikuwa limeshamletea yao. Ikikataliwa yangu, arusi nzima itapita mlangoni pangu imevaa ya Mombasa, na fundi wa leso wa mji ni mimi.

Nikavuka. Nilikuta mashua imelazwa mchangani, fundi anaikwangua ubavu. Chuma kilipopita, buluu ilibanduka, chini yake kijani, chini tena manjano, halafu wekundu wa zamani uliokwisha kufifia. Kila aliyeimiliki alikuwa amepaka juu ya rangi ya mwenziwe. Nikamwambia fundi asimame hapo hapo.

"Wataka kuinunua?"

"Nataka hicho kidonda tu."

"Nami nataka kumaliza kabla maji hayajajaa, Bwana. Tazama upesi."

Nilitazama. Nikaenda nyumbani nikakichora kile kidonda kwa mkono juu ya kitambaa cha bafta, upana mzima, ukingo hadi ukingo. Ndivyo nifanyavyo: kwanza mkono, kiwanda baadaye. Nasema bila haya, sijaona rangi zilizokaa pamoja vile.

Nilipomfikishia kwao, shangazi aliipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaisifu. Kisha akajifunga.

"Pindo liko wapi?"

"Hii ni ya kisasa, Bi. Haina pindo."

"Na mtu akijifunga, ukingo ataujuaje? Jina nalo litakaa wapi? Pazia zuri hili, Bwana fundi. Katundike kwako."

Ndani, nyuma ya pazia lao la kweli, wanawake wakacheka. Akaniambia Ijumaa atachagua.

Nilirudi nyumbani nikisema yule mama haoni. Kesho yake nikavuka tena, nipate ushahidi wa kumpelekea. Mashua ilikuwa imeshapakwa, imesimama majini. Na pale juu, chini ya ukingo, mstari mweusi na mstari mweupe ilikwenda toka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma. Mistari ile nimeipaka miaka mingi, kwa mkono mtupu, bila rula. Nilikuwa nimeinama kutazama kidonda, mashua yenyewe sikuitazama.

Nikakaa kitako nikaichora upya. Kidonda kikawa katikati, na mistari ile, mweusi na mweupe, ikazunguka pande zote nne. Mahali pa jina, yaani maneno ya leso, nilipaacha wazi, maana jina huchagua mwenye arusi.

Ijumaa shangazi alijifunga, akatembea hadi ua wa ndani, akarudi.

"Sasa yafungika," akasema. "Jina andika hivi: *Mwenye mato haambiwi tazama*."

Mato, ndivyo tuyaitavyo macho kwetu.

"Hilo ni la biarusi, Bi?"

"La biarusi pia."

Picha ikaenda kiwandani na jina lake. Siku ya arusi nilikaa barazani pangu. Wanawake walipokunja kona, ndia nzima ya mtaa wetu ikajaa ule ubavu wa mashua, kijani, manjano, wekundu uliofifia, na maneno yale nyuma ya kila mmoja. Niliyasoma polepole, ndivyo nisomavyo, moja baada ya jingine, mpaka wa mwisho akapita. Mistari ya pindo ilikuwa imenyooka. Mombasa hawana mkono huo.