Kabla Hujamkabili Mtamba Uwanjani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau hadi leo. Nilikuwa kijana mtunza farasi huku Dubai, shule nimeiachia darasa la nne Dodoma. Arbab, ndivyo tunavyomwita tajiri wetu huku, akasema Ijumaa nimpande farasi wake kwenye mashindano ya wanaoanza. Unaingia peke yako, unaachiwa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, unamzuia upande mmoja wa uwanja asikupite. Basi.

Wiki ile niliogopa. Nilishamwona Mganda mmoja akiangukiwa na farasi, paja likavunjika, akarudishwa kwao amelala. Kila nikifunga tandiko, paja langu ndilo lililouma.

Ila mimi Mgogo, nimekulia nyuma ya ng'ombe. Nikajiambia huyu hanishindi. Mazoezini nikamfuata mtamba kwa nyuma, napiga mluzi kama niko machungani. Akatimka. Farasi akamfukuza, uzio ukatujia usoni, nikafumba macho. Farasi alisimama kwa akili yake mwenyewe. Mimi nilibaki nimekumbatia shingo. Wenzangu wakauliza kama ile shingo ni mto wa kulalia.

Mzee Juma, Mzanzibari msimamizi wa banda, hakucheka. Alishika hatamu, akaninong'oneza:

"Wamswaga wende naye wapi? Kaa usoni mwake. Akigeuka, nawe geuka. Ukiona kakushinda, vuta hatamu usimame."

"Nikisimama napata sifuri, mzee."

"Sifuri haijamvunja mtu paja."

Ijumaa niliingia uwanjani. Nikakaa usoni mwake; akageuka, nikageuka. Kisha akachomoka kuelekea uzioni, farasi akataka kuruka naye, watu wanapiga kelele yalla, yalla, yaani haya, twende. Nikavuta hatamu. Sifuri. Arbab alininunia siku nzima, lakini nilishuka kwa miguu yangu, na mashindano yaliyofuata nikaingia tena. Leo watoto wa matajiri nawafundisha mimi, na woga bado ninao.

Sasa zamu ni yako, nami sikufichi kitu. Omba mtamba mpole kwanza. Uchungaji wa kwetu uache getini. Huku ng'ombe huzuiwa usoni. Usione haya kuogopa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wakikuzomea, vuta hatamu hivyo hivyo.

Mola akushike tandikoni, mwanangu, akurudishe kwa mama yako unatembea.