Buti za Kuvulika Mlangoni

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo nimelima Kililana, ng'ambo ya kisiwa cha Amu, masika yote miguu mitupu, nikajiona mwanamume kweli. Kisha uzeeni sukari ikanipata, kidonda kikatokea kwenye wayo, na daktari akaniambia wazi: ukikanyaga matope tena bila kiatu, mguu huu tutaukata.

Kesho yake asubuhi nikavuka kwa mashua hadi mjini Amu, nikanunua buti ndefu za mpira zilizonibana sawasawa. Nilidhani kubana ndiyo uimara. Nikatembea nazo mvuani hadi adhuhuri, miguu ikavimba, na mlangoni pa msikiti zikakataa kuvulika. Wenzangu wawili wakanivuta, mmoja akisema, "Bwana, wavua viatu au wachunwa ngozi?" Swala ya jamaa ikanipita, na kidonda kikatoka damu.

Mke wangu hakunicheka. "Kanunue nyingine, lakini nenda alasiri, mguu ukiwa umeshavimba," akasema. "Na uvae soksi nene."

Nikachagua fupi kidogo, pana mbele, soli nene yenye meno. Sasa nakanyaga kisigino, navuta mguu, buti imetoka. Kidonda kimefunga, alhamdulillahi. Mke wangu namshukuru moyoni kila siku, ingawa mwenyewe simwambii.

Leo nina miguu yangu miwili, shamba lenye hati, ng'ombe wanne, nyumba ya mawe na buti jozi moja nzuri.