Aliyekaa Nyuma ya Foklifti

Nilikwenda kumjulia hali jirani katika wodi ya hospitali ya Kitale ambamo marehemu mke wangu aliwahi kulazwa. Kwenye kitanda cha pili, mpakiaji wa ghala la mahindi alikuwa akimweleza mkewe jinsi foklifti ya kuinulia magunia ilivyomponda mguu. Mzigo ukizidi, watu hupanda nyuma ya mashine ili isiinuke upande huo.

“Huniita mimi, si unajua nina mwili,” alisema. “Nikateleza, tairi ikanipanda.”

Mkewe aliacha kukoroga uji. “Na leo nani amekaa huko nyuma?”

“Si ni ndugu yako, mama watoto. Nilimwombea hiyo nafasi.”

Mkewe akajifunga leso.

“Sasa unaenda wapi?”

“Kumteremsha.”

Maghala yetu, tunaambiwa, yana maafisa wa usalama. Mimi nimemwona mmoja tu. Alitoka wodini mbio, amevaa patipati miguuni.